Kauli za Kuendeshea Kipindi cha Kiswahili: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Nakuru, Kisumu na Magharibi

Simama nje ya dirisha la darasa wakati wa kipindi cha Kiswahili, uwe Nakuru, Kisumu au Bungoma, na mara nyingi utasikia lugha mbili au tatu zikipokezana. Ngeli zinafundishwa kwa Kiswahili. Daftari likikosekana, mtoto anaulizwa kwa Kiingereza. Kelele zikizidi, mwalimu anakemea kwa Dholuo, kwa Kiluhya au kwa Sheng, kutegemea alipo. Mwanafunzi anaondoka na somo ambalo halikuwamo katika andalio: Kiswahili ni cha mtihani, na mambo yenye uzito yana lugha yake nyingine.

Mwongozo huu unahusu maneno ya kuita, kuagiza, kuuliza, kusahihisha, kutuliza na kuruhusu. Hayo ndiyo maneno ambayo mtoto huyaona yakifanya kazi mbele ya macho yake. Ukisema "Fungueni madirisha" na madirisha yakafunguka, wanafunzi 60 wamepata amri ya wingi, nomino ya ngeli ya LI-YA na msamiati wa jengo kwa sekunde chache, bila mtu kutaja sarufi. Zoezi la kitabu haliwezi kushindana na hilo.

Tumemlenga mwalimu wa Gredi ya 4 hadi ya 9, mwenye kipindi cha dakika 35 katika shule ya msingi au 40 katika sekondari msingi. Wa Gredi ya 1 hadi ya 3, mwenye dakika 30, apunguze idadi ya kauli kwa nusu na aongeze ishara.

Kwanza, jua unachosema sasa

Usianze kwa kukariri kauli mpya. Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma kipindi kimoja akiwa na karatasi yenye safu tatu: Kiswahili, Kiingereza, lugha nyingine. Kila unapoagiza, unapouliza au unapokemea, apige mstari mmoja katika safu inayofaa. Maelezo ya somo lenyewe yasihesabiwe. Asipopatikana mtu, weka simu mezani irekodi sauti, sikiliza jioni, kisha ufute.

Utaona kwamba lugha haivuji kila mahali. Huvuja mwanzoni unapopanga darasa, katikati unapotoka shughuli moja kwenda nyingine, na unapokasirika. Anza na sehemu ambayo kwako ina mistari mingi zaidi nje ya Kiswahili. Mwalimu anayejaribu kurekebisha zote tatu katika wiki moja huchoka na kurudi alikotoka.

Mwombe mwenzako huyo akuandikie pia kauli tano za Kiswahili chako neno kwa neno, jinsi ulivyozitamka. Hizo ndizo malighafi ya hatua inayofuata.

Pili, safisha kauli ulizonazo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa sababu makosa yenyewe tumeyazoea hadi hayasikiki. Linaloongoza ni la kirejeshi. Mwalimu anasema, "Mwenye amemaliza ainue mkono." Saa hiyo hiyo ubaoni ameandika "o-rejeshi". Mtoto ataamini sikio lake kuliko ubao. Sema "Aliyemaliza ainue mkono", na kwa wingi "Waliomaliza wainue mikono." Badala ya "Wenye hawana vitabu", sema "Wasio na vitabu". Neno "mwenye" lenyewe halina hatia likifuatwa na nomino: "Mwenye swali ainue mkono" ni sahihi kabisa. Kosa ni kulifuatisha na kitenzi.

La pili ni "ako". "Otieno ako wapi?" iwe "Otieno yuko wapi?" Na "Nani ako na kifutio?" iwe "Nani ana kifutio?"

Kisha kuna amri tatu zisizofuata utaratibu wa vitenzi vingine: njoo, nenda, lete. Wingi wake ni njooni, nendeni, leteni. "Kuja hapa" na "Enda ubaoni" hazina nafasi katika kipindi cha Kiswahili, hata kama nje ya lango ndizo zinazotawala. Vivyo hivyo "Pea mwenzako kitabu": kitenzi ni kupa, na kupa hakikubali kusimama bila kiambishi cha mpewa. "Mpe mwenzako kitabu." "Wape wa nyuma." "Nipe daftari lako."

Upatanisho nao huvunjika mwalimu akiwa na haraka. "Fungueni vitabu zenu" na "Kusanyeni madaftari zenu" zinasikika kila siku, ilhali vitabu ni vyenu, madaftari ni yenu, na kalamu ndizo zenu. Dawa ni kuikariri kauli nzima kama wimbo usiovunjwa: vitabu vyenu, madaftari yenu, kalamu zenu, viti vyenu, madawati yenu. Ukiitamka hivyo mara nne kwa kipindi, huhitaji kufundisha jedwali la ngeli kwa wiki nzima.

Jambo jingine dogo lenye madhara ni kuweka wingi mara mbili. Chagua "Someni" au "Msome". Ukisema "Msomeni" umesema jambo jingine kabisa: kuna mtu fulani asomwe. "Mtazameni" maana yake ni mtazameni yeye. Kwa kukanusha, "Msiandike" inatosha. Haihitaji -ni mwishoni.

Tatu, chagua kauli 20 na uzipe umbo moja

Ishirini zinatosha kuendesha kipindi kizima. Tatizo la walimu wenye Kiswahili kizuri ni kwamba wana maneno mengi mno. Leo "Toeni madaftari", kesho "Hebu tuone vitabu vya mazoezi", keshokutwa "Naomba kila mmoja awe tayari kuandika". Mwanafunzi hodari anafurahia. Yule dhaifu anaanza upya kila siku, na mwishowe anaacha kusikiliza na kuangalia tu jirani yake anafanya nini. Umbo moja, ishara moja, kwa wiki tatu. Baada ya hapo panua upendavyo.

Ingiza kauli 4 kwa wiki, ili 20 ziishe katika wiki 5. Kila moja inahitaji kama dakika 2, nazo hutumika hivi. Iseme ukionyesha kwa ishara, darasa litende. Iseme tena mikono ikiwa nyuma, darasa litende kwa kusikia tu. Kisha mwite mwanafunzi mbele aiseme yeye, na darasa limtii. Sehemu hii ya tatu usiiruke. Mtoto aliyewahi kuwaambia wenzake 59 "Simameni" wakasimama hasahau tena kiambishi hicho. Usitafsiri, wakikwama, onyesha.

Nne, mwendo wa kipindi chenyewe

*Kuingia.* "Hamjambo, wanafunzi?" "Hatujambo, mwalimu." Wanaimba, wanakaa, hakuna aliyefikiri. Salamu ya pamoja iendelee, kwa kuwa ni heshima na ina mazoea yake, lakini baada yake wasalimu watoto wawili kwa majina. "Achieng, umeamkaje?" "Nimeamka salama, mwalimu." Alasiri: "Wafula, umeshindaje?" "Nimeshinda vyema." Chagua wengine kesho. "Shikamoo" na "Marahaba" hazikuota mizizi kwa watoto wa huku kama kule pwani, hivyo zifundishe makusudi, pamoja na sababu yake: ni salamu ya mdogo kwa mkubwa.

Mahudhurio: "Nani hayupo leo?" "Barasa hayupo, mwalimu. Ni mgonjwa." Hapo "ako" inang'olewa polepole.

Aliyechelewa asimame mlangoni. "Hodi, mwalimu. Samahani, nimechelewa. Naomba kuingia." Mjibu, "Karibu, kaa mahali pako. Tutazungumza baadaye." Usimhoji mbele ya darasa. Mahojiano ya mlangoni yanakula dakika 3, yanamwaibisha mtoto ambaye huenda alikuwa akichota maji au akimpeleka mdogo wake shuleni, na yanawafunza wengine kwamba somo linaweza kusubiri.

Kutayarisha: "Madaftari mezani. Kalamu mkononi. Macho mbele." Vipande vitatu vifupi, visivyo na kitenzi, vyenye mapigo. Baada ya wiki moja utasema kipande cha kwanza na wao watamalizia.

*Kuagiza kazi.* Agizo moja, tendo moja, kisha subiri. Linganisha na hili tunalolisikia mara kwa mara: "Fungueni ukurasa wa 36 msome kifungu halafu wawili wawili mjibu maswali ya 1 hadi 5 lakini la 3 msilijibu." Ndani yake mna maagizo matano. Nusu ya darasa itajibu swali la 3. Yavunje:

"Fungueni ukurasa wa thelathini na sita." Subiri hadi kurasa zinyamaze.
"Someni kimya kimya, dakika tano." Waache wasome.
"Sasa, wawili wawili."
"Jibuni maswali ya 1 hadi 5. Swali la 3 tuliruke."

Baada ya hapo usiulize "Mmeelewa?" Jibu ni "Ndiyooo" hata kama hakuna aliyesikia. Uliza kitu ambacho jibu lake litafichua ukweli: "Nafula, tunaanza na ukurasa gani?" "Otieno, tunaliruka swali gani?" "Cherono, tuna dakika ngapi?" Maswali matatu kama hayo huchukua sekunde 20 na hukuokoa kuzunguka madawati 20 ukirudia maelezo.

Zingatia nambari. Watoto wengi wa miji yetu wanazijua kwa Kiingereza kuliko kwa Kiswahili, na "ukurasa wa themanini na saba" huwapita. Itamke kwa Kiswahili na wakati huo huo iandike ubaoni kwa tarakimu, 87. Usiitafsiri kwa mdomo. Makumi ndiyo yanayochanganya, hasa sitini na sabini, na themanini na tisini. Saa pia ina mtego wake: mshale mfupi ukielekea kwenye 9 na mrefu pia kwenye 9, asubuhi, mtoto aliyezoea Kiingereza atasema saa nane na dakika arobaini na tano, ilhali kwa Kiswahili ni saa tatu kasorobo. Sema kila siku, "Tutamaliza saa tatu kasorobo", ukionyesha saa. Mazoea hayo yanazidi somo zima la saa.

*Kuuliza.* Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alionyesha katika miaka ya 1970, akichunguza madarasa ya sayansi, kwamba walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi hujitokeza. Katika somo la lugha haja hiyo ni kubwa zaidi, kwani mtoto anatafuta jibu na pia anatafuta maneno ya kulibebea. Kwa hiyo: "Fikirini kwanza. Mikono chini." Hesabu moyoni hadi tano. "Sasa." Taja jina mwishoni, kamwe si mwanzoni. Ukisema "Auma, kwa nini msimulizi alikasirika?" wengine 59 wamepumzika tangu uliposema Auma.

Za kuendeleza mazungumzo: "Mwongezee mwenzako." "Unakubaliana naye? Kwa nini?" "Nani ana jibu tofauti?" "Rudia kwa sauti, wa nyuma wakusikie." Hiyo ya mwisho itumie badala ya wewe kurudia kila jibu, mwalimu anayerudia majibu ya watoto anawafunza wasisikilizane.

Epuka mtindo wa kukatia neno njiani: "Hiki kinaitwa kita...?" nao wanamalizia "...bu!" Darasa linasikika lina uhai, lakini kilichopimwa ni silabi moja. "Hiki ni nini?" ndilo swali.

Mtoto akijibu kwa Dholuo, Kinandi au Lubukusu, amekuonyesha kwamba ameelewa swali. Mwambie, "Jibu lako nimelielewa. Tuliseme vipi kwa Kiswahili?" Kama hajui, waombe wenzake maneno, kisha umrudishie yeye aliseme lote. Ule mtindo wa kumvalisha mtoto kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama haujamfunza mtu Kiswahili. Umewafunza wengi kunyamaza. Na Katiba ya 2010, katika ibara ya 7 ile ile inayokifanya Kiswahili lugha ya taifa, inaitaka serikali ilinde lugha nyingine za Wakenya.

Kusahihisha bila kumfunga mtoto mdomo

Amua kabla ya kipindi utasahihisha lini. Katika somo la sarufi, papo hapo. Katika kusikiliza na kuzungumza, mwache amalize wazo, andika kosa kwenye kipande cha karatasi, na katika dakika 5 za mwisho liweke ubaoni bila jina la mtu. Darasa zima lirekebishe.

Njia nyepesi ni kumrudishia sentensi yake ikiwa imenyooka, ndani ya mazungumzo ya kawaida. Yeye: "Mwalimu, vitabu zangu zimepotea." Wewe: "Vitabu vyako vimepotea? Vilipotelea wapi?" Atajibu, na mara nyingi atachukua "vilipotelea" bila kuambiwa. Akiikosa mara ya pili na ya tatu, mweleze wazi: "Wazo ni zuri. Rekebisha neno moja: zangu." Mpe nafasi yeye kwanza. "Nani atamsaidia?" ikija haraka mno, mikono 30 inapaa na yeye anakaa chini akiwa ameaibika.

Matamshi yanahitaji ujuzi wa mahali. Dholuo haina sauti sh, z wala v, ndiyo maana Kisumu na Siaya utasikia "samba" kwa shamba, "sawadi" kwa zawadi, "fitabu" kwa vitabu. Katika Lubukusu b, d na g hazisimami peke yake kama katika Kiswahili, huja zikiambatana na ving'ong'o (sauti za puani kama m na n), hivyo baba huelekea kuwa "papa" na gari "kari". Lugha za Kikalenjin nazo hazitofautishi p na b au k na g kama Kiswahili kinavyofanya. Nakuru, kwenye wazungumzaji wengi wa Kikuyu, l na r hubadilishana, na b hupata m mbele yake: bata akawa "mbata".

Usiseme mtoto ana ulimi mzito. Sema, "Sauti hii haimo katika lugha ya nyumbani, ulimi utaizoea." Kisha: "Weka vidole kooni. Sema ssss. Sasa zzzz. Umehisi mtetemo?" Fuata na vitate vya jozi: sana na zana, suka na zuka, faa na vaa, fua na vua, pata na bata, tua na dua, kula na kura, kasa na kasha. Kwanza wasikie na kuonyesha kidole kimoja kwa neno la kwanza au viwili kwa la pili, ndipo watamke. Asiyesikia tofauti hawezi kuitamka, na walimu wengi hurukia matamshi kabla ya sikio. Dakika 3 kwa siku zinatosha, na lifanye darasa lote, asitengwe mmoja.

Vikundi katika darasa lililojaa

Watoto watatu kwa dawati, madawati 20, nafasi ya kupita ni finyu. Usiwahamishe. "Safu ya kwanza, geukeni nyuma. Safu ya tatu, geukeni nyuma." Papo hapo una vikundi 10 vya watu sita. Taja kazi za watu: kiongozi, katibu, mtunza muda, msemaji, wawili waliobaki ni wa kutafuta maneno katika kamusi au kitabu.

Vikundi vikiingia Dholuo au Sheng baada ya dakika moja, usikimbilie kusema wamekaidi. Wana maneno ya kumjibu mwalimu, hawana ya kuongea wao kwa wao. Wape: "Wewe unaonaje?", "Ni zamu yako", "Sikubaliani nawe kwa sababu...", "Andika hivyo", "Dakika mbili zimebaki." Ziandike kwa herufi kubwa juu ya manila au upande wa ndani wa katoni, zitundike ukutani zisomeke kutoka dawati la mwisho, urefu wa herufi usipungue sentimita 4. Wiki ya kwanza, mpe kila mtoto jukumu la kutumia kauli moja tu kati ya hizo.

Ukipita kati yao, sema kwa sauti ya chini na kwa kifupi: "Mmefika wapi?" "Katibu, nisomee." "Nani hajasema bado?" Kisha ondoka. Mwalimu akisimama kando ya kikundi kwa zaidi ya dakika moja, mazungumzo hugeuka kuwa na yeye.

Kutuliza darasa

Kosa kuu ni kukanusha bila kuelekeza. "Wacheni kelele" haimwambii mtoto afanye nini. "Zungumzeni kwa sauti ya chini", "Tazameni ubao" na "Sikilizeni mwenzenu" zinamwambia.

Kuwa na mwito mmoja wa kunyamazisha. Wewe: "Tega sikio!" Wao: "Tumetega!" na mikono inakwenda masikioni, kalamu chini. Usiongee kabla kimya hakijatimia, hata kama ni sekunde 10. Ukiongea juu ya kelele mara moja, mwito umekufa. "Kitendawili!" "Tega!" nao hufaulu sana, kwa sharti kwamba ukiita utoe kitendawili kweli. Ukiwadanganya mara mbili, ya tatu hawaitikii.

Kwa mtoto mmoja anayesumbua, panda ngazi taratibu. Nyamaza umtazame. Taja jina na tendo: "Kiprono, endelea na swali la 2." Msogelee, uulize polepole, "Nini kinakusumbua?" Mpe uchaguzi: "Ukae hapa ukiandika, au uhamie dawati la mbele. Chagua." Mwisho, "Ubaki kidogo baada ya kipindi tuzungumze." Neno la kumshusha, kama mjinga au kichwa maji, lisitoke kinywani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kimwili na ya kisaikolojia pia, na hata isingekuwapo, mtoto aliyetukanwa kwa Kiswahili hataki kukisema.

Sifa nazo ziwe na shabaha. "Vyema" ni nzuri lakini haifundishi. "Heko, umetumia 'aliyenunua' mahali pake" inawaambia wote ni nini kilichokuwa kizuri.

Mvua ikishika mabati

Kisumu, Kakamega na Vihiga mvua ya alasiri ni jambo la kutarajiwa, na chini ya mabati yasiyo na dari hakuna sauti inayopenya. Kupiga kelele kunaumiza koo na hakusaidii wa nyuma. Tayarisha kadi 6 za ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa: SOMENI KIMYA, ANDIKENI, WAWILI WAWILI, BADILISHANENI MADAFTARI, SIMAMENI, MUDA UMEKWISHA. Zitumie hata siku za jua mara moja kwa wiki ili zisiwe ngeni. Kuwa pia na kazi ya mvua, kifungu kifupi chenye maswali 5, iliyo tayari muhula mzima. Kauli iliyosikika kwa wiki tatu kisha ikasomwa kwenye kadi hukaa. Imla yake ikija, wengi wataiandika bila kosa.

Kauli za mwanafunzi

Mwalimu asiposikia Kiswahili kutoka kwa mtoto, mara nyingi ni kwa sababu hakumpa cha kusema. Zifundishe hizi kwa utaratibu ule ule wa dakika 2, na zikae ukutani:

- Samahani, mwalimu, sikusikia. Rudia tafadhali.
- Sijaelewa swali la 2.
- Neno hili lina maana gani?
- Neno hili huandikwaje?
- Kitu hiki huitwaje kwa Kiswahili?
- Naomba uniazime kalamu.
- Naomba kwenda msalani.
- Nimemaliza, mwalimu. Nifanye nini sasa?
- Bado sijamaliza.
- Nina jibu tofauti.

"Naomba uniazime kalamu" imewekwa hapo kwa sababu ya "Nisaidie na kalamu", ambayo imeenea hadi kwa wakubwa. Kuhusu msalani, tunaomba sana: usimzuie mtoto mlangoni hadi sentensi yake inyooke. Mwache aende. Akirudi, mfundishe taratibu.

Kufunga

Anza kufunga dakika 4 kabla ya kengele. "Tumebakiwa na dakika nne. Kalamu chini." "Safu ya dirishani, kila mmoja aniambie neno moja jipya." Safu moja tu, darasa lote haliwezekani, na kesho ni zamu ya safu nyingine. "Nakilini kazi ya nyumbani." "Viranja, kusanyeni madaftari safu kwa safu." "Mutua, nifutie ubao." "Simameni. Kwaherini." "Kwaheri, mwalimu." Angalia hapo: wewe unawaaga wengi, wao wanamuaga mmoja.

Panapokwama

Mwalimu hurudi kwenye Kiingereza au lugha ya mama akikasirika, kwa kawaida katika wiki ya pili au ya tatu. Hasira haina muda wa kutafuta maneno. Chagua mapema sentensi moja ya kukemea, kwa mfano "Hilo silikubali. Kaa chini, tutazungumza", iandike ndani ya jalada la andalio, na uitamke nyumbani kwa sauti mara kadhaa hadi iwe ya kwanza kufika mdomoni.

Mtoto aliyehamia kutoka shule ambako hakusikia Kiswahili mwekee jirani mmoja wa kumnong'onezea maana kwa lugha yao kwa wiki mbili za kwanza, na apewe kauli 5 tu za kuanzia. Wa mjini Nakuru au mtaa wa Kondele, Kisumu, anayetiririka Sheng, shida yake ni nyingine: anaelewa kila kitu. Kwake kauli ni "Liseme kwa Kiswahili sanifu", na mara nyingi hulifurahia zoezi hilo kuliko wote, kwa kuwa anazo lugha mbili za kulinganisha.

Kama darasa lina walimu wawili wa Kiswahili, wakubaliane orodha moja ya kauli 20. Mmoja akisema "Tega sikio" na mwingine "Kimya nyote", watoto hulipa gharama ya kutoelewana huko.

Wiki ya 6, mwite tena yule mwenzako na karatasi yake ya safu tatu, kipindi cha wakati ule ule na darasa lile lile. Ziweke karatasi mbili pamoja. Safu ya Kiingereza ikiwa bado imejaa katikati ya shughuli, tafuta ni agizo gani linalokukosesha maneno, litungie kauli, na uiingize Jumatatu.